Mpira Mmoja, Wanafunzi Mia Sita

Februari 2023, Simba na Yanga zikiwa katika hatua ya makundi ya mashindano ya klabu Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo timu hizo zingefunga. Mitaani likabatizwa jina la Goli la Mama. Dau liliongezeka kadiri Yanga ilivyosonga mbele, mpaka ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Nchi ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi: tangu Simba ya 1993 hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imegusa fainali ya Afrika.

Sasa ipigwe hesabu nyingine, ambayo hakuna anayeishangilia. Tangu Elimu Bila Ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi za serikali imekuwa ikikadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazotakiwa kufika shuleni. Kwa hiyo goli moja la milioni 5 ni ruzuku ya mwaka mzima ya watoto 833. Shule yenye wanafunzi 600 hupata milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Goli moja linaipita na chenji inabaki.

Laki tatu hizo zina wenyewe tayari. Chaki zimo humo. Karatasi za mitihani ya majaribio zimo humo, na wino wa mashine, na kitasa cha ofisi kilichovunjwa, na bati lililong'oka kwa upepo wa Machi. Maji na umeme, kama shule imebahatika kuwa navyo, vimo humo. Michezo nayo imo humo, mwisho kabisa wa foleni, na anayesimama mwisho wa foleni ya dirisha la mgao anajua kinachomfika.

Ndiyo maana ule ubishi unaozuka kila msimu wa bajeti, wa kwamba fedha ziende kwenye masomo au kwenye michezo, una kasoro kwenye msingi wake. Unazungumza kana kwamba kuna mafungu mawili yaliyonona yanayogombana. Katika shule ya kawaida ya serikali kuna fungu moja lililokonda, na michezo haijawahi kulinyang'anya somo la Hisabati hata shilingi moja ya maana. Ugomvi wenye faida kuuzungumza uko kwingine: katika fedha zile chache ambazo kweli zinatumika kwa jina la michezo ya shule, nani anazifaidi?

Ubishi wa masomo dhidi ya michezo una kwao, na kwao ni Marekani. Katika mji wa Allen, Texas, wilaya ya elimu ilifungua mwaka 2012 uwanja wa mpira wa Kimarekani wa shule ya sekondari uliogharimu dola milioni 60, wenye viti 18,000. Uwanja wa shule, si wa chuo wala wa klabu. Haikupita miaka miwili, Februari 2014 ukafungwa kwa sababu zege lilikuwa limepata nyufa. Huko mzazi akiuliza kama fedha za darasa zimemezwa na uwanja, anauliza jambo lenye ushahidi wa macho.

Na katika jimbo hilohilo kuna mji mdogo wa Premont, ambako wilaya ya elimu ilikuwa inachungulia kaburi: matokeo mabaya, madeni, serikali ya jimbo inataka kuifunga. Mwaka 2012 mkuu wa wilaya hiyo ya elimu alisimamisha michezo yote. Mwandishi Amanda Ripley, aliyeisimulia habari hiyo katika jarida la The Atlantic mwaka 2013, alionyesha kwamba mpira wa Kimarekani pale ulikuwa ukigharimu dola zipatazo 1,300 kwa mchezaji mmoja, wakati somo la Hisabati liligharimu dola 618 kwa mwanafunzi. Muhula wa kwanza bila michezo, asilimia 80 ya wanafunzi walifaulu masomo yao, kutoka asilimia 50 ya mwaka uliotangulia. Kwa Premont, ule ulikuwa uamuzi wa busara, na ni vigumu kumlaumu aliyeufanya.

Lakini dawa ya Premont inaponya ugonjwa wa Premont. Tanzania iliwahi kuimeza, tena mapema zaidi, na haikupona chochote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waziri wa Elimu, Joseph Mungai, alisimamisha mashindano ya michezo ya shule, kwa hoja kwamba yalikuwa yakila muda wa masomo. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zikalala. Zilirudi baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia madarakani mwishoni mwa 2005. Wadau wa michezo hawajasamehe mpaka leo. Mtu akitaka kueleza kwa nini timu ya taifa haifungi, hachelewi kufika kwa Mungai. Hiyo nayo ni kuonea. Ila kuna upande wa pili ambao hautajwi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002, katikati ya marufuku ile, ndiye aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, na mwaka huo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Hakuna anayeweza kusema moja lilileta jingine. Linaloweza kusemwa ni kwamba muda uliookolewa kwa kufuta mashindano haukuonekana kwenye matokeo, kwa sababu tatizo halikuwa mpira. Walimu walikuwa hawatoshi, vitabu vilikuwa havitoshi, na watoto walijaa darasani kupita kiasi.

Sasa aende mtu kwenye shule ya msingi yoyote ya serikali saa tisa alasiri, siku ratiba inaposema "michezo". Mwalimu wa michezo ni yuleyule aliyefundisha Sayansi darasa la sita asubuhi, na kazi hii alipewa kwa kuwa alikuwa mgeni kituoni na hakujua kukataa. Anatoka ofisini na mpira mmoja. Wavulana wa darasa la saba wanaupokea kabla haujagusa ardhi. Magoli ni miti miwili ya mkaratusi isiyo na mtambaapanya. Wasichana wana nguzo moja ya netiboli yenye ringi iliyopinda, na mpira wao ulipasuka kabla ya likizo, kwa hiyo wanacheza rede kwa kutumia soksi iliyojazwa matambara. Wadogo wa darasa la pili wanafukuzana pembeni. Waliobaki, na ndio wengi, wanafagia uwanja au wanasubiri kengele. Kipindi kinakwisha. Kwenye kitabu cha maandalio panaandikwa kwamba kimefanyika.

Shule hiyohiyo, ikifika Mei, inaamka. Mashindano ya kata yamekaribia. Wanachaguliwa wenye kipaji, wanakwenda kata, kutoka kata wanachujwa hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na mkoa unapeleka timu yake kwenye fainali za taifa, ambazo miaka ya karibuni zimefanyika Mtwara, Tabora na Iringa. Halmashauri zinatafuta mafuta ya magari, chakula cha kambi, jezi, raba, posho za walimu wanaosindikiza. Ni sherehe nzuri. Kuna kwaya na ngoma, kuna riadha na mpira wa wavu, viongozi wanakuja kufungua na kufunga, na kijana wa Rukwa anaona bahari ya Mtwara kwa mara ya kwanza. Hakuna mwenye moyo atakayetaka ifutwe tena.

Ila itazamwe kwa jicho la mhasibu. Shule za msingi za serikali zina wanafunzi zaidi ya milioni 10. Wanaofika fainali za taifa ni maelfu machache. Wengine wote, kuanzia yule anayetolewa ngazi ya kata hadi yule ambaye hakuchaguliwa kabisa, michezo yao kwa mwaka ni ule mpira mmoja wa alasiri. Fedha ya michezo ya shule inapanda gari na kuondoka. Inayobaki kituoni haitoshi kununua pampu ya kujazia upepo.

Hapo ndipo penye kosa la mpangilio, na kosa hilo linafanana kwa namna ya ajabu na lile la darasani. Shule nyingi zimezoea kuwaweka kambi wanafunzi wa madarasa ya mtihani, kuwapa walimu bora na masomo ya jioni, huku darasa la kwanza na la pili likiachiwa mwalimu mmoja na watoto zaidi ya 100, ilhali kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu. Michezo inafuata njia ileile: wachache watakaoipa wilaya kombe wanalishwa, walio wengi wanatazama. Necta, baraza la mitihani la taifa, ilipoacha Januari 2023 kutangaza shule kumi bora, ilikuwa imetambua kitu kuhusu hatari ya kuendesha elimu kwa jedwali la washindi. Upande wa michezo jedwali bado linatawala.

Watetezi wa mtindo wa sasa wana hoja yao, na si dhaifu. Wanasema mashindano ndiyo yanayoibua vipaji, na vipaji vinalipa. Watataja Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Watamtaja Suleiman Nyambui, ambaye miguu yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Medali zao mbili za fedha za Moscow 1980 ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata. Na watamtaja Alphonce Simbu wa Singida, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025 kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde tatu za mia. Medali mbili za Olimpiki katika zaidi ya miaka 60 ya uhuru, hata hivyo, ni ushahidi wa ajabu kuuleta mbele ya mahakama kama unatetea mfumo wa kuibua vipaji. Vipaji vinatoka penye watoto wengi wanaocheza. Kichujio, hata kikiwa kizuri namna gani, hakizalishi kitu kama juu yake hakuna kilichomiminwa.

Kenya inafahamika kwa mfano mmoja unaofaa kurudiwa. Brother Colm O'Connell, mtawa wa Ireland, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa kocha wa riadha. Hakukuta uwanja wa kisasa wala chumba cha mazoezi chenye vyuma. Kutoka shule ile alitoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988 huko Seoul, na mikononi mwa O'Connell alipita David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Kilichokuwapo Iten ni mwalimu mmoja aliyebaki miaka na miaka, na ratiba iliyoheshimiwa. Hivyo viwili havihitaji zabuni.

Kenya hiyohiyo angalau imeandika jambo hili kwenye makaratasi. Katika mgao wa serikali wa shilingi 22,244 za Kenya kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, kuna fungu lake la shughuli za ziada, shilingi 1,500. Mzazi anaweza kulitaja kwa jina. Bahati mbaya kuandikwa si kulipwa: Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kubeba kiasi chote hicho na kwamba kinachowezekana ni karibu 16,900, jambo lililozua kelele nchi nzima. Mkuu wa shule akipokea pungufu ya robo, hakuna anayehitaji kuelezwa ni fungu gani litakalokatwa kwanza.

Kuna bajeti nyingine isiyoandikwa kwenye kitabu chochote cha hesabu, nayo ni ardhi. Mwaka 2021 na 2022 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, sehemu ya shilingi trilioni 1.3. Lilikuwa jambo la lazima, na lilifanyika kwa kasi isiyo ya kawaida. Lakini katika shule za mjini darasa jipya hujengwa penye nafasi, na nafasi iliyobaki mara nyingi ni uwanja. Likija bweni, uwanja. Ikija maabara, uwanja. Nusu ya goli inakuwa ukuta wa choo, na hakuna mkutano wowote ulioamua kwamba shule iache michezo.

Upande wa Nairobi waliopigania ardhi hiyo walikuwa watoto wenyewe. Januari 19, 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliusukuma ukaanguka. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi, watoto wenye sare za shule, mbele ya kamera, na picha zikazunguka dunia. Baadaye serikali iliwarudishia ardhi. Ni shule ngapi zilizopoteza viwanja bila kamera kuwepo?

Wakati huohuo fedha kubwa za michezo zipo, na zinaonekana kwa mbali. Uwanja wa Arusha unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda, ulisainiwa mkataba wa shilingi bilioni 286. Kwa kiwango cha 10,000 kwa mtoto, hizo ni ruzuku za wanafunzi wote wa shule za msingi za serikali kwa zaidi ya miaka miwili. Si kwamba uwanja usijengwe. AFCON ina hadhi yake, Arusha ina hoteli na watalii, na taifa lina haki ya kualika wageni. Inatosha kusema kwamba nchi inayoweza kupata bilioni 286 kwa uwanja mmoja haina haki ya kumwambia mwalimu mkuu kuwa mpira wa pili hauwezekani kwa sababu fedha zimekwenda kwenye madawati.

Mtaala mpya umeongeza uzito wa jambo hili, japo umma haujaligundua sana. Tangu Januari 2024 shule za msingi zimeanza kufuata mtaala ulioboreshwa, na ndani yake Sanaa na Michezo ni somo. Mtoto atalisoma, na mwalimu atalifundisha kama anavyofundisha Kiswahili. Serikali pia imeteua shule za michezo zaidi ya 50 mikoani. Hatua nzuri zote mbili, lakini ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, na dalili zinaonyesha kwamba ya pili ndiyo itakayopata kamera. Somo lina mahitaji ya somo. Linataka mwalimu aliyesomea, na vyuo vya Malya na Butimba kule Mwanza haviwezi peke yao kujaza nchi nzima. Linataka vifaa, kama Sayansi inavyotaka chupa za maabara. Kufundisha michezo ubaoni, kwa kuchora duara la kati na kuwauliza watoto kipenyo chake, kutaendelea kuwa mzaha ambao walimu wenyewe wanaucheka wakiwa ofisini.

Yako pia masuala ya afya, ambayo hayana ubishi mrefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na takwimu zake zinaonyesha kwamba wanne kati ya watano wa umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafiki hapo, wasichana wakiwa nyuma zaidi. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita nne kwenda shule pengine anafika bila kujua. Wa Sinza au Mikocheni, anayebebwa na basi la shule alfajiri na kurudishwa magharibi kwenye sebule yenye televisheni, hafiki. Shule za binafsi za mjini zinazotoza mamilioni kwa mwaka na kujitangaza kwa wastani wa ufaulu zina la kujibu hapa, kwa sababu kisingizio cha laki tatu kwa mwezi wao hawana.

Kinachotakiwa basi si kuhamisha fedha kutoka darasani. Choo kije kabla ya jezi. Kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25 hakijafikiwa katika shule nyingi, na hakuna mpenda michezo mwenye akili atakayebishana na hilo. Kinachotakiwa ni kuzigeuza fedha za michezo ziangalie chini kwanza. Halmashauri yenye shule 100 ikitenga milioni 10 kwa mwaka, sawa na magoli mawili ya Mama, kila shule inapata laki moja: mipira miwili mitatu ya kawaida kutoka maduka ya Kariakoo, kamba za kuruka, ringi moja ya netiboli ya fundi wa mtaani. Ndipo basi la kwenda fainali lipigiwe hesabu. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, msafara upunguzwe, siku za kambi zipunguzwe, traksuti za viongozi zifutwe kabisa. Na katika ruzuku ya shule, fungu la michezo lilindwe lisiliwe na mafungu mengine likiwa bado halijafika dukani.

Wizara ya Elimu na TAMISEMI zinaweza kuamua hayo kwa waraka mmoja, lakini nyaraka huchelewa. Mwongozo uliopo tayari unataka mapato na matumizi ya shule yabandikwe kwenye mbao za matangazo, na kamati ya shule ina wazazi ndani yake. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya serikali asisubiri Juni, timu zikiwa zimeshapanda magari. Mkutano ujao wa wazazi ukiitishwa, anyooshe mkono aulize mambo mawili: mwaka huu shule imenunua mipira mingapi, na hati ya kiwanja inaonyesha uwanja unaishia wapi.